Mabua, Asali, Ua la Kiazi, Mlima

Kitale, 11 Machi 2023

Kwa Khocha Wabwile,

Mulembe khocha, mjomba wangu. Naandika jioni nikiwa bado na mafuta mikononi, kwa hivyo ukiona alama ya kidole kwenye karatasi ujue ni mpwa wako, si mwizi. Mama anakusalimia sana. Goti lake limetulia tangu mawingu yaanze kushuka, au labda ni furaha ya kupanda, maana unamjua dada yako, akishika jembe anasahau kila kinachomuuma. Shamba la juu tumemaliza. La kando ya kanisa tunangoja udongo ulowe. Anti Viola hajambo? Na ng'ombe, ameshazaa?

Khocha, nimepewa kazi nzuri mpaka naiogopa. Mama mmoja wa huku kwa njia ya Suam, anaitwa Linah, anaweka nyumba ya vitu vya zamani pamoja na kikundi chao cha kina mama. Ameleta gobore kwa Mzee Gathii, fundi wa bunduki anayenifundisha, limefungwa kwa blanketi kama mtoto mgonjwa. Mtutu umezibwa kwa chuma na serikali imeshaukagua, halitalia tena milele. Litatundikwa ukutani watoto wa shule walitazame. Mtutu ni mzima na mtambo wake ni mzima, lakini mbao yote imeliwa na mchwa. Ukiigusa inamwagika kama unga.

Mzee Gathii amenipa mimi nichonge kitako kipya. Unajua miaka yote hii nimekuwa wa kukaza skrubu na kupaka mafuta bunduki za wenye mashamba. Sasa amenishikisha kipande cha mzaituni wa mlimani, kizito, kina mistari kama maji yanayotembea, na akasema waziwazi: mtambo ukikaa ndani ya mbao hiyo bila mwanga kupita katikati, meza yake ya dirishani ni yangu. Kitu hicho kinatakiwa kabla ya Krismasi.

Shida ni vifaa. Patasi zetu ni za kuchonga milango. Mimi nahitaji ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, shingo yake imepinda kidogo. Nilinunua moja mjini yenye lebo ya dhahabu, ikajikunja siku ile ile. Mzee Gathii akacheka. Ati zamani fundi wa bunduki alianza kwa kutengeneza vifaa vyake, bunduki yenyewe ikaja baadaye. Yeye mikono sasa inamtetemeka, hawezi tena.

Ndipo nikakumbuka sanduku lako la vifaa. Mama alinikataza kukuuliza. Anasema tangu ulifukie chini ya zizi wakati wa vurugu za mlimani, wakati mtu mwenye tupa na keekee angeweza kuchukuliwa usiku na waasi wakitaka bunduki na asubuhi na askari wakizitafuta, hutaki litajwe. Mimi nauliza tu. Niambie nichague chuma gani. Na kama mkono wako utakubali, nifulie patasi moja.

Barua hii anakuletea Kipyegon wa lori la mahindi, anapita hapo Matulo kila wiki. Simu ninayo, lakini nakumbuka ulivyotufundisha, kwamba neno la chuma husafiri na chuma chenyewe.

Mpwa wako,
Nakhumicha


Matulo, 2 Aprili 2023

Mpwa wangu Nakhumicha,

Barua imefika, na Kipyegon wako amekunywa chai yote ya nyumba hii. Mwambie Edah goti halikutulia kwa sababu ya mawingu, limetulia kwa sababu ameacha kuzunguka akibeba maneno ya watu. Nani alimtuma akukataze? Tangu utotoni huyo ni wa kufunga milango ya wenzake.

Sisi ni wazima. Ng'ombe amezaa ndama dume, uso mweupe. Anti yako anapigana na mwewe juu ya vifaranga. Kijana wetu Wakoli alitoka Kibabii Jumapili, akala, akaangalia simu yake, akaenda. Anasema kazi ya ukarani ni nyingi. Mimi sikumuuliza zaidi, kijana akishakuwa mkubwa unamwona mgongo kuliko uso.

Sasa sanduku. Nimelifukua. Nilikuwa nimevipaka vyombo vyangu mafuta ya ng'ombe na kuvifunga kwa turubai, kwa hivyo kutu imeshika kidogo tu. Nilipofungua, harufu ya zamani ikatoka, nikakaa chini kwenye samadi bila kujali suruali. Viola alidhani nimeanguka. Nilikuwa na furaha, mwanangu, sitakuficha hilo.

Chuma kinachaguliwa hivi. Achana na lebo za dhahabu. Nenda kwa wauza vyuma chakavu uombe tupa kuukuu, ile imekwisha meno. Springi ya lori pia ni nzuri, ila hiyo ni ya patasi nene. Funga tupa kwa uzi, iache ining'inie, igonge kwa msumari. Chuma kizuri kinaimba, na kinaendelea kuimba wewe ukiwa umeshaanza kuwaza mambo mengine. Kibaya kinasema "ndo" kinanyamaza. Chenye ufa kinakohoa. Sikiliza ukiwa umefumba macho, maana macho hupenda kinachong'aa.

Ukishakifua na kukipasha hadi kiwe chekundu, ukikizamisha kwenye mafuta kinakuwa kigumu lakini kipumbavu. Kikiguswa kinavunjika. Lazima ukitulize. Kisugue kiwe cheupe, kisha ukipashe polepole kutoka nyuma ukiwa umesimama mlangoni, si juani, si gizani. Rangi zitakuja zenyewe zikitembea kuelekea nchani. Baba yangu alizipa majina: mabua, asali, ua la kiazi, mlima. Mabua ni ya kukwangua chuma. Asali ni ya patasi ya mbao. Ua la kiazi ni ya bisibisi. Mlima ni ya springi, na ukipita mlima umelala, umetengeneza msumari. Patasi yako itasimama kwenye asali. Rangi haingoji mtu. Ikifika, unaichovya majini hapo hapo.

Nimemwota baba. Alikuwa mlangoni pa karakana na patasi kwenye koleo, rangi zinapita, na hakuzitaja hata moja. Alikuwa anangoja nizitaje mimi. Niliamka kabla sijafungua mdomo. Naota hivyo mara nyingi siku hizi, na huko ndotoni rangi ni kali, kuliko hizi za mchana.

Nitakufulia.

Khocha wako,
Wabwile


Kitale, 6 Mei 2023

Khocha,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mahindi yametoka na asubuhi ukungu unakaa juu yake mpaka saa nne, unaona vichwa vya watu vinapita shambani bila miguu. Mama ameanza kumwita ndama wako Pastor kwa sababu ya huo uso mweupe, ati atakuja kumsalimia Agosti.

Patasi ilifika, imefungwa vizuri kwenye kitambaa cha leso ya Anti Viola. Nililala nayo chini ya mto, usicheke. Ina umbo ambalo nilikuwa naliona kichwani bila kujua kulichora. Mzee Gathii aliigeuza mkononi kwa muda mrefu halafu akaniuliza kwa nini khocha wangu analima mahindi.

Lakini imevunjika. Nilikuwa natoa unyoya wa kwanza wa mbao, kwa mkono tu bila nyundo, na ncha ikaruka kama kipande cha glasi. Nadhani niliishika vibaya. Ni kosa langu, bado sijazoea chombo chembamba hivyo. Nakuomba uvumilie unifulie nyingine, na safari hii nitatulia.

Tena nauliza: barua yako, uliandika ukiwa umekaa wapi? Mistari imepanda juu ya mingine kama mbuzi wanaogombania chumvi. Mama alipoiona aliikunja akaiweka ndani ya Biblia yake.

Nakhumicha


Matulo, 3 Juni 2023

Nakhumicha,

Hatujambo, palizi imetumaliza viuno. Viola anakusalimia. Mimi na ng'ombe tuligongana asubuhi moja pale zizini, tukaulizana nani kati yetu ni mgeni. Yeye ndiye aliyenipisha.

Patasi yangu haivunjiki kwa sababu msichana ameishika vibaya. Hilo liondoe kichwani. Je, mbao ilikuwa na msumari ndani? Mlitazama? Mzaituni wa mlimani mara nyingine una jiwe tumboni, umelimeza ukiwa mche. Mwambie Gathii akague mbao zake kabla ya kuuliza kwa nini watu wanalima mahindi. Mimi nimefua patasi tangu kabla mama yako hajaolewa, na hakuna aliyewahi kunirudishia moja.

Nakutumia ya pili. Safari hii niliiacha motoni zaidi kidogo ili itulie sawasawa. Rangi ilipita mlangoni kama inavyopita siku zote.

Niliandikia juu ya goti, ndiyo maana mistari imepanda. Meza ina kuku wa Viola anayelalia mayai, na huyo haamshwi na mtu.

Wabwile


Kitale, 9 Julai 2023

Khocha wangu,

Mulembe. Huku kumekuwa na baridi ile ya kuvuta blanketi na kusahau wewe ni nani. Mahindi yamenipita kichwa. Jioni upepo ukipita ndani yake nasikia kama watu wengi wanakunja karatasi, na kila mara nadhani ni barua yako inafika.

Hakukuwa na msumari. Hakukuwa na jiwe. Patasi ya pili imepinda. Niliisukuma ndani ya mbao ikageuza ncha polepole, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Nimeziweka zote mbili dirishani. Moja ilivunjika kwa kuwa ngumu mno, nyingine imepinda kwa kuwa laini mno. Nimezitazama wiki nzima, khocha. Uliniandikia mwenyewe: rangi ikifika unaichovya hapo hapo. Ya kwanza ilichovywa kabla ya mabua. Ya pili ilipita mlima. Fundi anaweza kukosea upande mmoja. Akikosea pande zote mbili, mimi sijui, mimi ni mwanafunzi tu, lakini nauliza kwa heshima na kwa upendo: rangi uliiona?

Kuna hospitali hapo Bungoma wanakotoa mtoto wa jicho. Mama yake Rosaline, jirani yetu, alikuwa anaongozwa mkono kwenda kanisani, siku hizi anawaambia watu sketi zao zimechafuka. Nitakuja nikupeleke. Nitaomba ruhusa kwa Mzee Gathii.

Usinikasirikie. Na kama utakasirika, kasirika kwa barua ndefu.

Nakhumicha


Matulo, 24 Septemba 2023

Kwa Nakhumicha,

Mkono huu ni wa Anti yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha aandike kama ninavyosema.

Tumevuna maharagwe. Ndama amekua na hana adabu. Edah alikuja Agosti akakaa siku chache, akanitazama kuliko alivyomtazama ndama, akarudi. Bila shaka amekuambia alichoona. Mimi sikumwambia kitu.

Barua yako ya Julai imekaa hapa muda mrefu. Nilitaka kuichoma nikaona ni dhambi.

Sikiliza nikuambie jambo la nyumba yetu. Kwetu nyundo ya fundi haipokewi mkononi. Siku fundi haoni tena rangi, anailaza chini mlangoni pa karakana na kuondoka. Mwanawe anaiokota, na kuanzia hapo moto ni wake. Baba yangu aliilaza asubuhi moja ya mvua, bila neno, nikaiokota ikiwa na matope. Na aliyeilaza haiokoti tena. Nyundo ikilala mlangoni bila mtu wa kuiokota, nyumba hiyo imezima moto wake na majina ya rangi yanapotea. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Mimi nina mtoto mmoja. Wakoli ni mtoto mwema, anatuletea sukari, lakini ukimgongea chuma anauliza ni simu ya nani inalia.

Kwa hivyo mimi ninaona rangi. Umesikia? Ninaiona. Usiniulize tena, wala usinitajie hospitali. Nikienda kwa daktari nitakuwa nimesema sioni, na nikisema sioni itabidi niilaze.

(Hapa anapapasa meza akitafuta kikombe. Chai imepoa mbele yake. Ni mimi, Viola.)

Mwambie Gathii akutafutie patasi kwa Wahindi mjini.

Wabwile


Kitale, 14 Oktoba 2023

Kwa Khocha wangu,

Mulembe, na mulembe tena kwa Anti Viola, ambaye najua ndiye anayesoma hii kwa sauti. Anti, soma polepole, na sehemu ya rangi usiruke hata neno.

Mama hakuniambia alichoona. Alirudi, akavua viatu, akalia kidogo, akaenda kukoboa mahindi. Mimi sikuuliza.

Sitakutajia tena lile jambo. Nataka tu kukusimulia siku yangu.

Nilienda kwa wauza vyuma chakavu nikiwa na uzi na msumari mfukoni. Nilining'iniza tupa moja baada ya nyingine, nikafumba macho katikati ya soko, watu wakapita wakisema huyu binti wa kwa Gathii amerukwa na akili. Moja ilisema "ndo". Nyingine ikakohoa, nikaigeuza nikaona ufa mwembamba kama unywele. Halafu ikaja moja ikaimba. Khocha, iliendelea kuimba mpaka nikawa nimefika kwenu Matulo kwa mawazo, nikiwa mtoto, nimekaa kwenye gogo, wewe una kofia yako ya mkonge na babu anakohoa ndani. Nilipofungua macho mwenye vyuma alikuwa ananitazama kama aliyeniona nikilala.

Niliifua kwa nyundo ya kupigia misumari, imeniumiza bega. Niliipasha, nikaizamisha kwenye mafuta, nikaisugua hadi ikawa nyeupe. Kisha nikaisimamisha mlangoni, si juani, si gizani, makaa nyuma yake.

Kwanza hakukuja kitu. Nilidhani nimekosea. Halafu, kutoka shingoni, ikaja rangi hafifu sana, njano ya mabua yakishakauka shambani mwezi wa Januari, wakati bado hayajachomwa. Ilitembea polepole, nyuma yake mabua yakawa mazito, yakageuka asali, kwanza ile nyepesi ya maua ya alizeti, halafu ile nyeusi kidogo ya msituni. Na nyuma ya asali, mbali kule shingoni, nikaona ua la kiazi, zambarau yenye kiza ndani yake, na nyuma kabisa ukingo wa bluu, mlima wetu wa Elgon kabla jua halijaufikia. Zote nne zilikuwa kwenye kipande kimoja cha chuma kwa wakati mmoja, zinakuja kwangu. Nilitamani kuziacha zipite nione mwisho wake. Asali ikagusa ncha nikaichovya. Maji yalisema neno moja tu.

Nimeisugua ikarudi nyeupe, nimekufungia humu. Sitaki uitazame. Ifunge kwa uzi uisikilize. Kuna kipande cha mzaituni pia, kata nacho. Kama ni mbaya, mrudishie Kipyegon na mimi nitajua. Kama ni nzuri, kaa nayo. Nitatengeneza nyingine.

Nakhumicha


Matulo, 19 Novemba 2023

Mpwa wangu,

Bado ni mkono wa Viola. Amekuwa karani hodari kuliko yule wa Kibabii.

Tuko salama. Mvua za mwisho zimenyesha vizuri. Ndama tumempeleka kwa jirani maana alikuwa anamla Viola nguo kwenye kamba.

Nimeisikiliza patasi yako. Nilimwambia kila mtu anyamaze, hata redio ya jirani, nikaining'iniza jikoni. Ni chuma kizuri. Ulikipiga sana upande wa kushoto, nimelisikia hilo bega lako. Kisha nikakata mbao. Nilisukuma nikingoja ivunjike, nikasukuma nikingoja ipinde. Ilikata, ikatoka na unyoya mrefu uliojikunja kwenye kidole changu, na harufu ya mzaituni ikajaa nyumba. Viola anasema nilikaa na huo unyoya kidoleni mpaka chakula cha jioni. Labda ni kweli.

Sasa nitasema. Jicho la kushoto halina kitu tangu mwaka jana. La kulia linaona kama mtu aliye ndani ya uji. Mlangoni naona mwanga, naona koleo, sioni rangi. Zile patasi zako mbili nilizifua kwa kukumbuka. Nilihesabu pumzi zangu nikajiambia sasa ni mabua, sasa ni asali. Nilikuwa nazitaja kwa sauti, Nakhumicha, na chuma kilikuwa hakinisikilizi. Niliona aibu sana. Niliona aibu kwako kuliko kwa mtu yeyote.

Ulipoandika zile rangi zinavyotembea, nilimwambia Viola asome tena. Amesoma mpaka anaijua sehemu hiyo kama Zaburi. Usiku ule baba alikuja tena ndotoni, na patasi kwenye koleo, akangoja. Safari hii nilizitaja zote nne. Akatikisa kichwa kukubali na kuniuliza ni nani aliyeniambia.

Jumatatu asubuhi nimeilaza nyundo mlangoni. Viola anaizunguka kwa ufagio. Kuku wanaikanyaga. Wakoli alikuja Ijumaa akairuka akiongea na simu, na sikumlaumu, nilicheka. Wazee watasema mtoto wa dada ni wa ukoo mwingine, na msichana zaidi ya hapo. Waseme. Mimi sijataja jina la mtu. Nimeilaza tu, mpini ukielekea barabara ya Kitale.

Na kwa kuwa nimeshailaza, sina tena cha kuficha. Viola ameniandikisha hospitali, watanifungua jicho la kulia Desemba. Macho yakirudi, nyundo hairudi. Nikiihitaji nitaiomba, na mwenye nyundo anaweza kukataa.

Khocha wako,
Wabwile


Matulo, 16 Desemba 2023

KWA KHOCHA WABWILE. ANTI VIOLA USIMSOMEE.

Khocha, nimeandika kwa herufi kubwa, mstari mmoja mmoja, ili usome mwenyewe bendeji ikitoka. Kama herufi bado zinaogelea, weka karatasi chini, ngoja kesho. Itakungoja hapa juu ya fuawe.

Nilikuja jana nikakuta mmeshaenda Bungoma. Mama yuko hapa, anapika, na anagombana na kuku wa Anti anayelalia tena mayai mezani. Mmea wako wa kunde umenyauka, nimeumwagilia.

Gobore limekwisha. Mzee Gathii alishika tochi nyuma ya mtambo, akazima taa za karakana, tukatazama. Hakuna mwanga uliopita. Alichukua kiti chake cha dirishani akakisogeza pembeni. Mama Linah ameshalitundika ukutani. Watoto wanauliza nani alichonga mbao, si nani alipiga bunduki. Nimefurahi sana.

Usitafute nyundo mlangoni. Haipo. Ilikuwa na umande na kinyesi cha kuku, nikaiokota hivyo hivyo. Niliogopa, khocha. Mpini una shimo mahali kidole gumba chako kinakaa, na changu kinazama humo, lakini kitakua.

Kisha nikawasha moto. Chini ya karatasi hii kuna patasi, ya kwanza ya nyundo hii kwenye mkono huu. Sikuisugua baada ya kuichovya. Rangi bado iko juu yake kama ilivyosimama.

Ichukue uisogeze mlangoni, si juani, si gizani. Itazame.

Halafu uniandikie, kwa mkono wako, ni rangi ipi.

Nakhumicha